Msumeno wa watoto haukati boksi? Mwongozo kamili wa kukata maboksi darasani

Lalamiko ni lile lile kila muhula. Mwalimu amepata misumeno ya plastiki ya kukatia maboksi, kawapa watoto, na baada ya dakika kumi anaikusanya. "Haikati. Inakwaruza tu." Misumeno inarudi kabatini, mwalimu anabeba maboksi nyumbani, anachukua wembe na kukata vipande vya darasa zima peke yake usiku. Watoto wanabaki na kazi ya kupaka gundi.

Mara nyingi msumeno hauna kosa. Boksi lina unyevu, au lina selotepu, au halijashikwa, au mtoto anakandamiza kwa nguvu zote kama alivyozoea kwa mkasi. Zana hizi hukata kwa mwendo. Nguvu hulibonyeza boksi, na boksi lililobonyea halikatiki tena vizuri hata kwa kisu cha dukani.

Mfano tutakaoutumia ni saa ya boksi, kwa kuwa ina kila aina ya mkato: mstari ulionyooka, mviringo na tundu la katikati. Ukiiweza saa, utaliweza duka la kuigiza, nyumba, gari na kinyago.

## Andaa hivi kwanza

Usianze kipindi ukiwa unatafuta kimoja kimoja. Weka mezani:

- maboksi makavu ya tabaka moja, jumla ya vipande viwili kwa kila kikundi cha watoto wawili (kimoja cha mazoezi, kimoja cha kazi)
- maboksi mepesi ya biskuti au viatu, kwa mishale ya saa
- misumeno ya plastiki ya watoto, mmoja kwa watoto wawili
- mikasi ya watoto yenye ncha za mviringo
- bisbisi moja, ya mwalimu peke yake
- rula, penseli, na kifuniko cha sufuria au sahani kubwa ya kuchorea duara
- peni iliyokwisha wino
- msasa laini, vipande vidogo
- gunia lililokunjwa au boksi nene la kutandika chini wakati wa kutoboa
- mswaki wa zamani, kitambaa na mafuta kidogo ya kupikia
- boksi la kuwekea vipande vilivyokatwa
- sabuni, maji safi na plasta

Kuhusu misumeno yenyewe: ile ya watoto ina meno mafupi yaliyoviringwa. Ukiyapitisha kiganjani bila kukandamiza, hayakati. Ukiyakandamiza na kusugua, yatakuchubua. Ni zana salama, lakini bado ni zana, na mtoto aambiwe hivyo hivyo.

Zinazouzwa kwa jina la "visu vya boksi" hazilingani. Misumeno ya plastiki kama ile ya Makedo, kutoka Australia, imetengenezwa kwa ajili ya watoto. Kikatio cha Canary cha Japani ni cha chuma chenye meno makali. Kinakata boksi kwa raha mno, na kwa sababu hiyo hiyo kikae kwenye droo ya mwalimu. Ipo pia mashine ya umeme ya mezani, ChompSaw ya Marekani, ambayo kikatio chake kimefichwa chini ya kifuniko chenye nafasi ya boksi kupita lakini si kidole. Shule yenye umeme wa uhakika na fedha ya kutosha inaweza kuifikiria. Mwongozo huu unahusu misumeno ya mkono na mikasi.

## Kabla ya yote: kusanya nyembe

Hili nalitenga peke yake. Watoto wengi huchongea penseli kwa nyembe, na wembe hukaa kwenye kimkebe cha penseli au katikati ya daftari. Siku ya kukata maboksi, mtoto ambaye msumeno wake umekwama atakumbuka wembe wake. Atautoa kimya kimya, atauvuta kwa nguvu kwenye boksi nene, utapinda, utateleza.

Kwa hiyo kabla ya kugawa chochote, pita na kopo, kusanya nyembe zote, ziweke juu ya kabati. Mwambie kila mmoja atarudishiwa baada ya kipindi, ama sivyo atauficha. Ukiweza, achia vichongeo viwili vya darasa ili wembe usiwe na kisingizio.

## Hatua ya 1: Chagua boksi linalokatika

Nusu ya kazi inaishia hapa, na ndipo walimu wengi wanapokosea kwa kuchukua boksi lolote lililotupwa nyuma ya duka.

Tazama ukingo wa boksi pale lilipokatwa. Utaona karatasi mbili bapa, na katikati yake karatasi iliyokunjwa mawimbi mawimbi. Safu moja ya mawimbi, unene wa milimita 3 hadi 4, ndiyo tunayoitaka. Maboksi mengi ya sabuni, tambi na mafuta ya kupikia ni ya aina hii. Ukiona safu mbili za mawimbi, unene wa milimita 6 au 7, kama boksi la jokofu au la runinga kubwa, liache kwa ajili ya kutandika chini. Mkono wa mtoto wa miaka saba hauliwezi.

Kisha pima unyevu. Kunja kona moja ghafla. Boksi kavu hulia na kuvunjika kwa mkunjo mkali. Lenye unyevu hukunjika kimya na kulegea. Ukanda wa pwani, na mahali popote wakati wa masika, chukulia kwamba boksi lina unyevu mpaka lithibitishe vinginevyo. Lianike juani saa moja au mbili likiwa limesimama kwa ubavu ili hewa ipite pande zote. Ukililaza kwenye sakafu ya saruji litanyonya unyevu upya kutoka chini.

Yasiyofaa kabisa:

- yaliyobeba dawa za kilimo, sumu za wadudu au kemikali nyingine, hata yakionekana safi
- yaliyopakwa nta, kama baadhi ya yale ya samaki na vitu vya baridi. Msumeno huteleza juu yake na meno hujaa uchafu
- yenye ukungu au harufu ya uvundo

## Hatua ya 2: Toa selotepu na pini

Bandua selotepu yote ya kaki, hata ile iliyo mbali na mstari utakaokatwa. Meno ya plastiki hayakati selotepu. Yanaivuta, yanaivuruga, kisha gundi yake inashika meno na msumeno mzima unaanza kunata. Ikigoma kubanduka, kata sehemu hiyo na uitupe, maboksi hayana bei.

Pini za chuma kwenye kingo zitoe kwa bisbisi na uzihesabu unapozitupa. Hii ni kazi ya mtu mzima, na ifanyike siku moja kabla.

Lipasue boksi kwenye ungio lake ili lifunguke liwe bapa lenye pande nne. Usilazimike kulikata wewe. Ungio la gundi huachia ukilivuta polepole kuanzia juu.

Utajua umefaulu ukipitisha kiganja pande zote mbili za bapa bila kuhisi kitu kinachonata wala kinachochoma.

## Hatua ya 3: Chora ukijua mawimbi yanaelekea wapi

Yale mawimbi ya ndani yanaacha mifereji iliyonyooka inayopita upande mmoja tu wa boksi. Inamishe bapa kwenye mwanga utaiona kama michirizi hafifu. Mwelekeo wa mifereji unaamua mambo mawili.

Ukikata sambamba na mifereji, kazi ni nyepesi, lakini msumeno hupenda kutumbukia ndani ya mfereji na kuufuata, hata kama mstari wako unakwenda kwingine. Ukikata kwa kuikingama mifereji, unahisi ukinzani zaidi, ila mkato unanyooka. Mtoto anayeanza apewe mstari unaokingama. Atachoka kidogo, lakini atafuata mstari, na kufuata mstari ndiko kunakompa moyo.

Kwa saa yetu, chora mraba wa sentimita 30 kwa 30. Ndani yake chora duara linalogusa pande zote nne. Kifuniko cha sufuria chenye upana wa karibu na huo kinatosha. Badilisha mraba ufuate kifuniko, si kifuniko kifuate mraba.

Sasa ongeza mistari minne ya kona. Kutoka kila kona ya mraba pima sentimita 8.5 upande huu na 8.5 upande ule, unganisha. Umepata umbo la pembe nane linalolizunguka duara kwa nje. Sababu itaonekana kwenye Hatua ya 7.

Mstari wa kukata uwe mnene, unaoonekana kutoka kimo cha mtoto. Kisha upitishie peni iliyokwisha wino ukiegemeza rula, ukikandamiza kidogo. Karatasi ya juu hubonyea na kuacha mfereji mwembamba; meno ya msumeno yatapita humo yasirukeruke.

## Hatua ya 4: Panga darasa

Darasa la watoto sitini haliwezi kukata kwa pamoja, hata ungekuwa na misumeno sitini. Huwezi kuwaona wote. Weka kituo kimoja cha kukata chenye watoto wanane, yaani jozi nne, na wewe usimame hapo hapo. Waliobaki wachore namba za saa, wakate mishale kwa mkasi, wapake rangi. Zungusha vikundi.

Meza ndiyo inayosumbua. Madawati mengi yana uso ulioinama, na bapa la boksi huteleza kuelekea tumboni kwa mtoto. Tumia meza ya mwalimu, benchi pana, au ukingo wa baraza la darasa: boksi limelala juu ya baraza, mtoto amesimama chini, mwanga wa kutosha, na takataka hazingii ndani.

Kila jozi ina kazi mbili. Mkataji ana msumeno. Mshikaji anaweka viganja vyote viwili bapa juu ya boksi, upande ulioegemea meza, umbali wa shubiri moja kutoka kwenye mstari. Shubiri ya mtoto mwenyewe. Aipime kwa mkono wake kila boksi linaposogezwa. Ni kipimo ambacho hakisahauliki nyumbani.

Tahadhari: hakuna kukatia mapajani, hakuna kukata boksi lililoshikwa hewani, hakuna kutembea na zana. Aliyemaliza analaza msumeno mezani, haupitishi mkononi.

Kwa umri, mimi hugawa hivi: darasa la awali wakunje na kuchana, la kwanza na la pili wakate kwa msumeno mwalimu akiwa kando, kuanzia la tatu wanaweza kufanya kwa jozi na wewe ukazunguka. Mtoto mmoja mmoja atakuwa mbele au nyuma ya hapo, na wewe ndiye unayemjua.

## Hatua ya 5: Anza mkato

Msumeno hauwezi kuanzia katikati ya boksi, na hata ukingoni hauanzi kwa kusukumwa. Ukiusukuma, ukingo unakunjika.

Weka sehemu ya meno iliyo karibu na mpini juu ya ukingo, kwenye mstari. Vuta kuelekea kwako mara tatu, polepole, bila kusukuma. Inua msumeno kila baada ya kuvuta. Utapata pengo dogo lenye kina cha ukucha. Hapo ndipo meno yanakaa, na kuanzia hapo unaweza kuvuta na kusukuma.

Fanya hivi mbele ya kikundi kwa sauti: "Vuta. Inua. Vuta. Inua. Vuta." Kisha kila mtoto afanye kwenye kipande cha mazoezi kabla hajagusa boksi la saa. Usiiruke sehemu hii kwa kuhofia muda. Unaifidia baadaye kwa kutokwenda kuokoa maboksi yaliyopondeka.

## Hatua ya 6: Kata mstari ulionyooka

Bapa lilale mezani, mstari wa kukata uwe umetokeza nje ya ukingo kwa sentimita 5 hivi. Ukitokeza zaidi, boksi linachezacheza na kurudisha msumeno juu. Ukitokeza kidogo mno, msumeno unakata meza, na utamsikia mwalimu mkuu.

Laza msumeno mpaka pembe kati yake na boksi iwe nusu ya pembe mraba au pungufu kidogo. Ukiulaza, meno mengi yanakuwa ndani ya mkato kwa wakati mmoja na yanauongoza unyooke. Ukiusimamisha, unageuka ovyo.

Mwendo uwe mrefu. Hapa ndipo mtoto anahitaji kutazamwa kwa karibu. Angalia kiwiko chake: kikitulia na kiganja tu ndicho kinachotikisika, anatumia meno manne au matano ya katikati, na hayo ndiyo yatakayochakaa. Kiwiko kirudi nyuma kupita ubavu, meno yote yapite. Mwambie ahesabu, moja akivuta, mbili akisukuma, na jozi nzima ihesabu pamoja. Mdundo ukipatikana nguvu inapungua yenyewe, maana hakuna anayeweza kukandamiza huku akihesabu taratibu.

Mkono wa pili wa mkataji ukae juu ya boksi, upande wa meza, nyuma ya msumeno. Usiende mbele yake kamwe, hata "kusaidia kidogo."

Zikibaki sentimita 10, mshikaji ahamishe mkono mmoja ashike kile kipande kinachoning'inia, kwa chini, mbali na mstari. Kisiposhikwa kinaanguka kwa uzito wake na kuchana kona ya kazi yako.

Jozi zibadilishane baada ya kila upande wa mraba. Mkono mdogo huchoka upesi, na mkono uliochoka huanza kukandamiza.

Utajua umefaulu kwa sauti kabla ya macho. Mkato mzuri unalia sawasawa, mkwaruzo mrefu wenye mdundo. Ukisikia kishindo na ukimya, kishindo na ukimya, kuna mtu anasukuma. Kwa macho, ukingo unaonyesha mawimbi ya ndani yakiwa bado wazi, hayajafumbwa.

## Hatua ya 7: Mviringo

Msumeno ni mpana, hauwezi kugeuka ndani ya mkato mwembamba. Ndiyo maana mtoto akiambiwa "kata duara" anatoka na kiazi. Duara hukatwa kwa mistari iliyonyooka.

Kata mraba kwanza. Kisha kata kona nne kwenye ile mistari ya sentimita 8.5. Sasa una pembe nane na duara liko ndani yake, likiwa na vikona vidogo vinane tu vya kuondoa. Hivyo vikate kwa mkasi, kidogo kidogo, ukizungusha boksi badala ya mkasi. Malizia kwa msasa.

Kwa mchongo mpana usio mkali sana, kama mlango wa upinde, msumeno unaweza kufanya kazi peke yake: usimamishe karibu wima, tumia ncha, mwendo mfupi, na mshikaji awe anageuza boksi polepole. Hiyo ni ya watoto waliokwisha kuzoea.

## Hatua ya 8: Tundu na dirisha

Kutoboa ni kazi ya mwalimu, bila mjadala. Ajali ya kweli kwenye kazi hii hutokana na kitu chenye ncha kinachopenya ghafla na kukuta kiganja upande wa pili.

Tandika gunia lililokunjwa au boksi nene mezani. Weka bapa juu yake. Simamisha bisbisi, kandamiza huku ukizungusha, usigonge. Kwa saa, tundu moja la katikati linatosha: pitisha uzi mnene kwenye mishale na tundu, funga fundo kubwa mbele na nyuma, au tumia kifungo cha shati.

Kwa dirisha la duka la kuigiza, toboa matundu matatu yanayofuatana kwenye kila kona na uyaunganishe yawe ufa wa kutosha ncha ya msumeno. Mtoto anaanzia kwenye ufa mmoja kuelekea mwingine. Akikata kutoka pande zote mbili na kukutana katikati, pembe zitatoka safi. Akipitiliza kona, dirisha litaendelea kuchanika kila likiguswa.

## Mkasi na boksi jepesi

Mishale ya saa ikatwe kwenye boksi la biskuti au viatu. Hapo msumeno ni mzito mno, mkasi ndio wake.

Mtoto afungue mkasi theluthi mbili, aingize boksi mpaka karibu na parafujo, ambako nguvu ni kubwa, kisha afunge bila kufika nchani. Akifunga hadi mwisho, kila mkato unaacha jino. Kidole gumba kiwe juu muda wote. Kikigeukia chini, kiwiko kinapaa na mstari unapotea.

Mtoto wa mkono wa kushoto anapata tabu isiyo yake. Mkasi wa kawaida umetengenezwa ili kiganja cha kulia kibane makali pamoja. Kiganja cha kushoto kinayatanua, na boksi linakunjika katikati badala ya kukatika. Tena makali yanamziba asione mstari. Kama hamna mkasi wa kushoto, mpe kazi ya msumeno, kwani huo haujali mkono.

## Ikigoma: tafuta dalili yako hapa

Msumeno unakwaruza tu, hauzami. Hakuna pengo la kuanzia, au mtoto anasukuma kabla ya kuvuta. Rudi Hatua ya 5. Kama pengo lipo na bado, hesabu tabaka za mawimbi: pengine una boksi la safu mbili.

Unaingia vizuri kisha unakwama katikati. Hili ndilo linalowakatisha tamaa wengi, na chanzo chake kwa kawaida ni kimoja: boksi limelegea na mkato umejifunga, ukaubana msumeno pande zote mbili. Usiuvute kwa nguvu, utachana. Inua kile kipande kinachoning'inia mpaka kilingane na meza, pengo litafunguka, msumeno utatoka wenyewe. Kisha sogeza boksi ili mstari uwe karibu zaidi na ukingo wa meza, na mshikaji abebe kipande hicho mpaka mwisho. Mkato mrefu unaweza pia kuwekewa kipande kidogo cha boksi ndani ya pengo, nyuma ya msumeno, kama kabari.

Kama boksi limeshikwa sawasawa na bado unakwama, gusa meno. Yakinata, soma chini.

Meno yananata. Ni gundi ya selotepu. Tone la mafuta ya kupikia kwenye kitambaa, sugua, acha dakika chache, piga mswaki kufuata meno, osha kwa maji ya sabuni, kausha kabisa. Mafuta yakibaki yatapaka boksi na gundi yako haitashika. Usikwangue kwa kisu, utayakata meno ya plastiki.

Mkato unaacha mstari na kwenda sambamba nao. Msumeno umetumbukia kwenye mfereji. Usijaribu kuulazimisha urudi kwa kuupinda. Toa, rudi sentimita 2 nyuma pale mstari ulipokuwa sawa, simamisha msumeno kidogo, anza upya kwa kuvuta. Kama mstari wote unakwenda na mifereji, kata pembeni kwa milimita chache, kisha rekebisha kwa mkasi.

Boksi linapondeka kando ya mkato. Kama ni kavu, tatizo ni nguvu. Kama ni laini, lianike. Hakuna njia ya tatu.

Kingo zina manyoya. Upande wa chini huwa na manyoya kila mara, kwa hiyo chora na kata ukiwa umeweka upande mzuri juu. Msasa laini, kwa mwendo wa upande mmoja, unayaondoa. Gundi ya maji iliyopakwa kwa kidole ukingoni huyalaza yaliyobaki na kuufanya ukingo uwe mgumu.

Mkasi unatafuna boksi badala ya kukata. Shika kila upande na uutikise. Ukicheza, kaza parafujo kwa bisbisi mpaka mkasi ufunguke kwa mkono lakini usianguke wenyewe. Kama imekaza na bado unatafuna, kata kipande cha msasa mara kumi hivi. Vitaondoka vile vijinundu vya kwenye makali. Huko si kunoa. Mkasi uliochoka kweli mpelekee mnoa visu anayepita mtaani na baiskeli yake.

Jino la msumeno limevunjika. Utoe kazini siku hiyo hiyo. Plastiki iliyovunjika ina ncha kali kuliko jino zima.

Mtoto amechubuka. Osha kwa maji safi na sabuni, kausha, weka plasta, andika kwenye daftari la matukio, na mzazi aambiwe na wewe kabla hajaambiwa na mtoto. Mkato wenye kina au usioacha kuvuja damu unapelekwa zahanati, ukiwa umekandamizwa kwa kitambaa safi njiani.

## Kama shule haina misumeno kabisa

Kazi haisimami. Kuna njia tatu zinazofaa, na zote zinaheshimu ukweli kwamba boksi ni karatasi.

Ya kwanza ni kukunja. Pitisha peni iliyokwisha wino kwenye mstari mara kadhaa, kunja upande mmoja, kunja upande wa pili, rudia mpaka mkunjo ulegee kama bawaba. Mkasi wa mtoto utapita hapo kirahisi. Inafaa kwa mistari iliyonyooka tu.

Ya pili ni kutoboa na kuchana. Mwalimu anatoboa mstari kwa msumari juu ya gunia, tundu kila milimita 4 au 5. Mtoto anakunja mara moja na kuchana. Ukingo unatoka na vijino, msasa unamaliza. Kwa darasa la awali hii ndiyo njia ninayoipenda kuliko zote, hata kama misumeno ipo.

Ya tatu ni kubandua. Lowesha upande mmoja wa boksi kwa kitambaa, subiri dakika chache, bandua karatasi ya juu. Kinachobaki ni mawimbi na karatasi moja ya nyuma. Likikauka, linakatika kwa mkasi wa kawaida, na tena linaviringika vizuri kwa kazi kama mapipa na minara ya nyumba.

Kisu cha mezani chenye meno ambacho baadhi ya walimu huwapa watoto kwa kuwa "hakina ncha" sikishauri. Hakina ncha, lakini meno yake ni ya chuma na yametengenezwa kukata nyama.

## Kukusanya

Misumeno irudi kwa hesabu kabla kengele haijalia. Chora umbo la kila zana kwenye kipande cha boksi kilichotundikwa ukutani, toboa, tia misumari miwili ya kuning'inizia. Pengo lililo wazi linaonekana kutoka mlangoni, huhitaji kuhesabu. Mtoto mmoja wa zamu apige mswaki meno kuondoa vumbi la boksi, likikaa na kupata unyevu hugandana, na wiki ijayo mtarudi kule kwenye "haikati."

Maboksi yaliyobaki yasilazwe sakafuni. Yasimamishe juu ya kabati au yabane nyuma ya mlango, mbali na mahali mvua inapopenya. Vipande vidogo vigawe: vikubwa kuliko kiganja viende kwenye boksi la mazoezi ya kipindi kijacho, vilivyobaki viende shimo la mboji, vikiwa vimechanwa na bila selotepu.

Na zile nyembe zirudishe kwa wenyewe mlangoni wakati wa kutoka, au kwa mzazi kama una mashaka.